Doa la Bizari, Sabuni na Limau: Je, Badiliko Linalorudi Nyuma Laweza Kuwa la Kikemia?

Swali: Mwalimu, pokea salamu zangu. Mimi ni mwanafunzi wa Gredi ya Nane, nasoma Kayole. Jumapili nilimwagikiwa na mchuzi wa bizari ya manjano kwenye shati jeupe la shule. Niliposugua kwa sabuni ya mche, doa la njano likageuka jekundu. Nyanya yangu akanikamulia limau juu yake, likarudi njano. Nimerudia mara nne na mambo ni yale yale. Darasani tumefundishwa kwamba badiliko la kimaumbile hurudi nyuma, lakini la kikemia halirudi. Rangi hii inarudi. Je, sabuni na bizari hazikufanya mmenyuko wa kikemia? Na kama zilifanya, mbona unarudi?

Jibu: Mwanafunzi mpendwa, umefanya jambo ambalo wengi hulipita, nalo ni kurudia jaribio mara nne kabla ya kuuliza, kwa hiyo nami nitakujibu kwa uzito huo huo. Sabuni na bizari zilifanya mmenyuko wa kikemia, tena mmenyuko halisi wa asidi na besi, na mmenyuko huo hurudi nyuma. Kilichokukwaza ni ile kanuni. Humfaa mtoto anayeanza, anayelinganisha barafu inayoyeyuka na karatasi inayoungua, ila huvunjika mara tu anapovuka mifano hiyo miwili. Simlaumu mwalimu wako, kwa sababu mimi mwenyewe niliitamka darasani kwa miaka kadhaa. Niliiacha nilipotambua kwamba inawafanya wanafunzi makini watilie shaka kitu walichokiona kwa macho yao wenyewe, na sijui dhara kubwa kuliko hilo ambalo somo la sayansi laweza kumfanyia mtoto.

Tuijaribu kwanza kanuni yenyewe kwa vitu vya mtaani. Peleka gorogoro moja la mahindi kwenye kisiagi, urudi nyumbani na unga. Hakuna fundi atakayeurudisha unga huo uwe punje tena, na hata hivyo kusaga si badiliko la kikemia, maana wanga uliokuwa ndani ya punje ni ule ule ulio ndani ya unga. Umevunjwavunjwa tu kuwa chembe ndogo. Vivyo hivyo glasi ikianguka sakafuni na kupasuka, vigae vyake ni glasi ile ile. Hayo ni mabadiliko ya kimaumbile, nayo hayarudi.

Sasa geukia upande wa pili, na hapa ningependa tukae kidogo. Betri ya matatu unayopanda kwenda mjini ina mabamba ya metali ya risasi na mengine ya oksaidi ya risasi, yote yakiwa yamezama katika asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Dereva anapowasha taa na muziki huku injini imezimwa, risasi na oksaidi yake humenyuka na asidi hiyo, mabamba ya pande zote mbili yakaanza kufunikwa na salfeti ya risasi, na maji yakazalika ndani ya majimaji yale. Asidi hupungua kweli kweli: fundi wa betri akitumbukiza kipimo chake atakuta kwamba uzito wa majimaji hayo, ukilinganishwa na uzito wa maji matupu ya ujazo ule ule, umeshuka kutoka yapata 1.28 hadi karibu 1.15. Injini ikishawaka, alteneta, kile chombo cha kuzalisha umeme kinachozungushwa na injini, husukuma umeme kwa njia ya kinyume. Salfeti huvunjika, na risasi, oksaidi yake na asidi hurudi kama zilivyokuwa asubuhi. Mfaransa Gaston Planté aliunda betri ya namna hii mwaka 1859, na uhai wake wote unategemea mmenyuko mmoja unaokwenda na kurudi mamia ya mara. Hata simu inayochajiwa usiku huishi kwa mimenyuko ya kikemia inayorudishwa nyuma, ingawa kemikali zake ni nyingine.

Kwa hiyo kurudi au kutorudi hakuwezi kuwa kipimo. Kipimo ni kama kimezaliwa kitu ambacho hakikuwapo. Ikiwa atomu zimeachana na zile zilizoshikamana nazo mwanzoni zikashikamana na nyingine, au ikiwa chembe fulani imehama kutoka molekuli moja hadi nyingine, hilo ni badiliko la kikemia, lidumu dakika moja au lidumu milele. Barafu, maji na mvuke ni H2O tupu katika hali tatu, na ndiyo sababu kuyeyuka na kuchemka huhesabiwa kuwa mabadiliko ya kimaumbile. Kwamba maji yanaweza kuganda tena ni jambo la kweli, lakini si hilo linaloamua.

Katika maabara utakutana na poda mbili ambazo huonyesha ukweli huu vizuri kuliko maneno yangu. Ya kwanza ni salfeti ya shaba, ambayo fuwele zake ni za buluu. Ukizipasha moto ndani ya neli hugeuka unga mweupe. Ukidondoshea unga huo maji baada ya kupoa, buluu hurudi, na neli hupata joto mkononi mwako. Ya pili ni oksaidi ya zinki. Hii ni nyeupe ikiwa baridi, hugeuka njano ikipashwa moto, na hurudi kuwa nyeupe ikipoa. Mtu anayetegemea rangi na kurudi kwake peke yake angesema poda hizi mbili zimefanya jambo moja. Tazama kwa makini zaidi, utaona kwamba katika neli ya kwanza matone ya maji yamejikusanya sehemu ya juu iliyo baridi, na ukipima kwa mizani utakuta poda imepungua uzito, kwa sababu kila sehemu moja ya salfeti ya shaba ilikuwa imeshikamana na molekuli tano za maji na sasa imeachana nazo. Katika neli ya pili hakuna tone, na mizani ya shule haitaonyesha upungufu wowote. Oksaidi ya zinki ilibaki kuwa oksaidi ya zinki muda wote. La kwanza ni badiliko la kikemia linalorudi. La pili ni badiliko la kimaumbile linalorudi.

Turudi sasa kwenye shati lako. Kutumia rangi ya mmea kutambua asidi ni desturi ya kale kuliko ujuzi wenyewe wa asidi. Mwaka 1664 Robert Boyle wa Uingereza alichapisha majaribio yake kuhusu rangi, na humo alieleza kwamba shira ya maua ya urujuani hugeuka nyekundu ikitiwa asidi na kijani ikitiwa alkali, yaani besi inayoyeyuka majini. Wakati huo hapakuwa na mtu aliyejua asidi ni kitu gani hasa. Zaidi ya miaka mia moja baadaye Mfaransa Antoine Lavoisier aliamini kwamba oksijeni ndiyo inayoifanya asidi iwe asidi, na jina la oksijeni lenyewe, kwa asili yake ya Kigiriki, lina maana ya kizaa-asidi; lakini mwaka 1810 Humphry Davy alionyesha kwamba asidi ya haidrokloriki haina oksijeni hata kidogo. Mswidi Svante Arrhenius, katika tasnifu yake ya mwaka 1884, aliweka msingi wa fikra kwamba asidi ndani ya maji hutoa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, za haidrojeni, na besi hutoa ioni za haidroksidi. Fikra hiyo ndiyo inayoueleza ule wimbo wa darasani kwamba asidi na besi huzaa chumvi na maji. Kisha, mwaka 1923, Johannes Brønsted wa Denmark na Thomas Lowry wa Uingereza, kila mmoja kivyake, walitoa ufafanuzi mpana zaidi, na huo ndio utakaotusaidia leo, kwa kuwa doa la bizari haliingii kwa urahisi katika wimbo wa chumvi na maji.

Walisema hivi. Atomu ya haidrojeni ina protoni moja na elektroni moja, basi. Ikiachwa bila elektroni, kinachobaki ni protoni tupu, ambayo ndiyo ioni ya haidrojeni, H⁺. Kitu kinachotoa protoni ni asidi, na kitu kinachoipokea ni besi. Tazama jinsi ufafanuzi huu ulivyobeba ndani yake uwezekano wa kurudi: aliyekwisha kutoa protoni amebaki na nafasi wazi, kwa hiyo sasa anaweza kupokea, na aliyepokea amepata kitu ambacho anaweza kukitoa. Kila asidi ikishatoa huwa besi, na kila besi ikishapokea huwa asidi. Wanafunzi wengi hulikariri jambo hili bila kuliona. Wewe umeliona likitokea mara nne.

Rangi ya bizari hutokana na kampaundi iitwayo kukumini. Molekuli yake ni mnyororo wa kaboni wenye pete moja kila mwisho, na katika kila pete kuna oksijeni iliyobeba haidrojeni. Haidrojeni hizo hazikushikwa kwa nguvu nyingi, na hilo ndilo linaloifanya kukumini iwe asidi, japo ni dhaifu mno kiasi kwamba ulimi hauwezi kuuhisi ukali wake. Sabuni ya mche, kwa upande wake, hutengenezwa kwa kuchemsha mafuta pamoja na haidroksidi ya sodiamu, na inapoyeyuka huyafanya maji kuwa ya alkali, yaani yenye ioni nyingi za haidroksidi, OH⁻, kuliko ioni za haidrojeni. Ioni ya haidroksidi huipokea protoni kwa wepesi sana. Ulipoisugua sabuni juu ya doa, haidroksidi zilichukua protoni kutoka kwa kukumini zikawa maji, na kukumini ikabaki na chaji hasi. Molekuli iliyokuwa nayo protoni na ile iliyoipoteza si kitu kimoja; muundo wa elektroni zake umebadilika, na hivyo hata namna inavyonyonya mwanga. Ya kwanza hunyonya zaidi mwanga wa urujuani na buluu, na mwanga unaosalia huonekana njano. Ya pili, ambayo elektroni zake zimepata kutapakaa kwa uhuru zaidi kwenye mnyororo, hunyonya mwanga wa buluu unaoelekea kijani, na unaosalia huonekana mwekundu. Wekundu uliouona ni wa kitu kipya kilichozaliwa juu ya shati lako.

Nyanya yako alipokamua limau, alileta asidi ya sitriki, ambayo hutoa protoni kwa wingi. Protoni zilizimaliza kwanza haidroksidi za sabuni, kisha zikarudi katika nafasi zilizoachwa wazi kwenye kukumini, na molekuli ya awali ikapatikana tena, pamoja na unjano wake. Ili uone ukubwa wa msukumo huo, kumbuka kipimo cha pH, ambacho Søren Sørensen alikibuni mwaka 1909 katika maabara ya Carlsberg, mjini Copenhagen, maabara iliyoanzishwa na kiwanda cha bia. Maji safi yana pH ya 7. Chini ya hapo ni asidi, juu ya hapo ni alkali, na kila hatua moja ni mara kumi. Maji ya limau yana pH ya karibu 2, na maji ya sabuni yapata 9 hadi 10. Kati ya 2 na 9 kuna hatua saba, kwa hiyo maji ya limau yana ioni za haidrojeni mara milioni 10 kuliko maji ya sabuni. Kukumini hubadilika karibu na pH 8. Ndiyo sababu, ukisuuza shati kwa maji mengi tu bila limau, utaona wekundu ukififia na unjano ukirejea polepole: maji yameipunguza alkali mpaka pH ikashuka chini ya 8. Anayefua nguo za jikoni ameliona hili mara nyingi, hata kama hakupata kulitafutia sababu.

Wanakemia huandika mmenyuko kama huu kwa mishale miwili, mmoja ukielekea kulia na mwingine kushoto, na mishale hiyo haimaanishi kwamba kwanza tunakwenda halafu baadaye tunarudi. Inamaanisha kwamba safari zote mbili zinaendelea kwa wakati mmoja. Hata ndani ya doa jekundu kuna kukumini chache zinazopokea protoni kila kitambo, na ndani ya doa la njano kuna chache zinazozipoteza. Rangi unayoiona ni ya upande ulio na wengi. Sabuni na limau huamua tu wengi watakuwa upande gani.

Sasa utaniuliza: ikiwa mambo ndiyo hayo, mbona mimenyuko mingi tunayoifahamu haionekani kurudi? Sababu ni kadhaa, na ya kwanza unaweza kuiona jikoni. Chukua kipande kidogo cha magadi, kitie katika kikombe, ukamulie limau. Povu litafoka, kwa kuwa kabonati iliyo ndani ya magadi imepokea protoni kutoka kwa asidi ya limau, na kilichozaliwa kimevunjika kuwa maji na gesi ya kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo inapaa na kutoweka dirishani. Mmenyuko hauwezi kurudi kwa sababu mmoja wa wahusika ameondoka chumbani. Lakini mfungie gesi huyo mlango, mambo hugeuka. Ndani ya chupa ya soda iliyofungwa, kaboni dayoksaidi na maji huzaa asidi ya kaboniki, na asidi hiyo huvunjika tena kuwa gesi na maji, pande zote mbili zikiwa zimesawazika. Chupa yaweza kukaa dukani miezi bila kubadilika ladha. Ifungue, na baada ya saa chache imechacha, ukali wake umepungua, kwa sababu gesi imepata njia ya kutokea. Kemia ni ile ile. Tofauti ni kifuniko.

Magadi yenyewe yanastahili neno moja, maana ni madini ya hapa kwetu. Hutoka katika Ziwa Magadi, kaunti ya Kajiado, kusini-magharibi mwa Nairobi, ambako yamekuwa yakichimbwa kibiashara tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Madini hayo, yaitwayo trona, ni mchanganyiko wa kabonati ya sodiamu, haidrojenikabonati ya sodiamu na maji, vilivyoshikamana katika fuwele moja. Yakipashwa moto sana hutoa mvuke na kaboni dayoksaidi, na hubakiza kabonati tupu, ambayo hutumika kutengenezea glasi. Badiliko hilo pia lina njia ya kurudi: kabonati iliyoyeyuka katika maji, ikipata kaboni dayoksaidi, huzaa haidrojenikabonati upya.

Sababu ya pili ni nishati. Asidi ya haidrokloriki ikikutana na haidroksidi ya sodiamu, protoni na haidroksidi huungana kuwa maji, na joto la karibu kilojuli 57 hutoka kwa kila moli moja, yaani yapata gramu 18, ya maji yanayozalika. Ioni za sodiamu na za kloraidi hukaa pembeni tu, nazo ndizo chumvi utakayoipata ukiyakausha maji hayo. Ukiiacha chumvi hiyo katika maji mwaka mzima haitarudi kuwa asidi na alkali, kwani maji yamezishika protoni zake kwa nguvu kubwa. Hata hivyo viwanda hupitisha umeme katika maji ya chumvi na kupata haidroksidi ya sodiamu, haidrojeni na klorini. Haidrojeni na klorini zikiunguzwa pamoja, kisha gesi inayotokea ikayeyushwa majini, asidi ya haidrokloriki imepatikana tena. Njia ya kurudi ipo, lakini lazima uilipie nishati. Karatasi iliyoungua ni mfano wa gharama hiyo ikipindukia: gesi zimetawanyika angani, joto limepotea, na mpangilio wa nyuzi zake umevunjika. Mti hukusanya kaboni dayoksaidi na maji na kuvijenga upya kuwa nyuzi kwa nguvu ya jua, ila huchukua miaka.

Kabla sijasahau, nina onyo moja ambalo nataka ulishike kwa uzito. Shati lenye doa humvuta mtu atumie dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, ile ambayo wengi mjini huiita Jik hata ikiwa ya kampuni nyingine. Usiiweke kamwe juu ya nguo yenye limau au siki, wala usiichanganye na dawa ya kuoshea choo yenye asidi. Asidi ikikutana na dawa hiyo hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza macho, koo na mapafu, na katika bafu dogo lisilo na dirisha hudhuru haraka mno. Wala usiichanganye na amonia, kwani gesi zinazotokea hapo ni za sumu pia. Limau na sabuni ni salama. Acha majaribio yako yaishie kwenye vitu vya chakula, magadi na sabuni, na mtu mzima awe karibu.

Kuhusu mtihani, najua utahitaji kujibu kwa namna ambayo msahihishaji ataikubali. Ukiulizwa tofauti kati ya aina mbili za mabadiliko, anza na kuzaliwa kwa kitu kipya, kisha useme kwamba mabadiliko mengi ya kikemia ni magumu kuyarudisha nyuma. Neno «mengi» litakulinda, nalo ni la kweli. Ukitaka mfano wa badiliko la kikemia linalorudi, toa salfeti ya shaba, ambayo walimu wote wa kemia wanaifahamu. Wala usishangae ukikuta mifano ambayo wataalamu wenyewe huivutania. Sukari ikiyeyuka majini, molekuli zake hubaki nzima, na hapo hakuna ubishi. Gesi ya kloraidi ya haidrojeni ikiyeyuka, molekuli zake huvunjika na kutoa protoni kwa maji, na hapo pia hakuna ubishi kwamba ni kemia. Chumvi ya mezani iko katikati: ioni zake zilikuwapo tangu ikiwa fuwele, lakini mshikamano kati yake umevunjika na maji yamezizunguka. Vitabu vya shule huiweka upande wa kimaumbile. Mimi naona ni sawa kuiweka hapo mradi mwanafunzi ajue kwamba mpaka haukuchorwa kwa rula.

Mwisho, usiondoe doa hilo kabla ya kufanya jaribio moja ambalo litakuonyesha upande wa pili wa swali lako. Kukumini huharibiwa na mwanga wa jua, na safari hii uharibifu huo haurudi, kwa kuwa mnyororo wenyewe wa molekuli hukatika vipande visivyo na rangi. Hata alkali, ikikaa nayo kwa saa nyingi, huivunja polepole. Ndiyo maana ningekushauri usiliache doa jekundu likilala katika maji ya magadi usiku kucha ukitarajia unjano wote kurudi. Chukua kitambaa cheupe cha zamani, ukipake bizari iliyokorogwa katika maji ya vuguvugu, ukiache kikauke, kisha ukikate vipande viwili. Kimoja kifunge ndani ya bahasha na ukiweke kabatini. Kingine kianike kamba moja na nguo, juani, kwa wiki nzima, ukikitoa mvua ikija. Siku ya saba vilaze sambamba juu ya sahani na udondoshee kila kimoja maji ya sabuni. Cha kabatini kitawaka wekundu ule ule unaoujua, na ukikamulia limau kitarudi njano. Cha juani kitakuwa kimepauka, na mahali palipopauka kabisa sabuni haitaleta rangi yoyote, wala limau halitarudisha kitu, kwa sababu pale hapana tena kukumini ya kutoa protoni wala ya kuipokea.